Jinsi ya kupata uhusiano usioutegemea kati ya vitabu vya rafu yako: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Watu wengi wanaojaribu hili zoezi wanaishia palepale. Wanachukua vitabu viwili, wanaviangalia dakika tano, wanaandika "vyote vinazungumzia maisha" au "vyote vinafundisha uvumilivu", alafu wanaona mbona hakuna jipya hapa, wanarudisha vitabu kwenye rafu na kusema hili jambo ni la maprofesa. Hapana. Tatizo ni kwamba wameanzia pabaya, wameanzia kwenye mada.

Mada ni pana mno. Kila kitabu duniani kinazungumzia maisha kwa namna fulani, kwahiyo ukisema hivyo hujasema kitu. Uhusiano wa kushangaza unakaa kwenye kitu kidogo, kitu ambacho mwandishi alikitaja akiwa njiani kwenda kwingine: aina ya rangi, ugonjwa, mwaka, chombo, kazi ya mtu aliyepita ukurasa mmoja akapotea. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata utaona ni kazi ya mikono zaidi kuliko ya kipaji.

## Vitu vya kuandaa

- Vitabu vitano, vya aina tofauti kabisa (namna ya kuvipata nitaeleza hatua ya 1, usivichague sasa hivi)
- Kadi au karatasi ngumu zilizokatwa saizi ya kiganja, kama 80 hivi. Daftari halifai, kwa sababu kazi yote ya hatua ya 4 ni kusogeza vitu mezani na ukurasa wa daftari hausogei
- Peni moja tu, na penseli kwa ajili ya maswali
- Vipande vya karatasi au stika za kuweka alama kwenye kurasa
- Kamusi, hasa inayoonyesha neno limetoka lugha gani
- Atlasi au ramani yoyote ya dunia
- Simu, kwa ajili ya kuhesabu muda, na baadaye kwenye ukaguzi. Kabla ya hapo ifungie intaneti
- Meza kubwa, au sakafu

Muda: tenga kama saa nne, na sio lazima ziwe za siku moja. Mimi naonelea ukigawa mara mbili ni vizuri zaidi, siku ya kwanza hatua ya 1 mpaka ya 3, ulale, kesho uendelee.

## Hatua ya 1: Pata vitabu bila kuvichagua

Hesabu vitabu vyako kuanzia kushoto kwenda kulia, alafu muombe mtu akutajie namba tano bila kuiona rafu. Kama uko peke yako, angalia zile tarakimu za ISBN nyuma ya kitabu chochote, chukua mbili mbili kutoka mwisho, hizo ndio namba zako. Ikizidi idadi ya vitabu ulivyonavyo ruka uendelee na zinazofuata, zikiisha hamia kitabu kingine.

Kwanini: ukichagua mwenyewe, mkono utaenda kwenye vitabu ambavyo kichwani tayari umeshaviunganisha bila kujua, kwahiyo mwisho utagundua ulichokuwa unakijua. Bahati nasibu inakukatia hiyo njia.

Sheria moja tu hapa. Vikitoka viwili vya aina moja (riwaya mbili, au vitabu viwili vya dini) badilisha kimoja. Mengine yote acha kama yalivyo.

Onyo: usirudishe kitabu kwa sababu kinaboa. Kijitabu cha maelekezo ya mashine, kitabu cha shule cha miaka mingi iliyopita, kalenda ya kilimo, kamusi, hivi ndivyo vinavyotoa viungo vizuri kuliko vyote kwa sababu vimejaa vitu na vipimo. Watu wanaofeli mara nyingi ni wale walioweka mezani riwaya na vitabu vya kutia moyo peke yake.

Ukifanikiwa: unaviangalia vimekaa mezani na kwa dhati huoni vinahusiana nini. Ukiona tayari kuna wazo limekujia la jinsi ya kuviunganisha, liandike kwa penseli pembeni alafu lisahau, hilo sio tunalolitafuta.

## Hatua ya 2: Pekua, usisome

Kila kitabu kipe dakika 25. Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda kwa mpangilio huu:

1. Faharasa, ile orodha ya maneno ya mwisho mwa kitabu. Tafuta neno ambalo hukutegemea kabisa kulikuta kwenye kitabu cha namna hiyo, weka stika kwenye ukurasa wake.
2. Ukurasa wa haki miliki. Mwaka, mahali kilipochapwa, mtafsiri. Huo mwaka utakufaa baadaye.
3. Shukrani. Mwandishi anamshukuru nani na kwa nini, mara nyingi kuna kazi za watu humo ambazo hazionekani popote tena ndani ya kitabu.
4. Maelezo ya chini ya picha na michoro.
5. Sura moja ya katikati, fungua popote, soma kurasa nne tano.

Kwanini: pale mwandishi anapojenga hoja yake kuu anakuwa makini sana, kila kitu kimepangwa kielekee anakotaka. Huku pembeni ndio analegea, anataja vitu kwa sababu tu vilikuwepo. Hivyo ndivyo tunavyovitaka.

Riwaya haina faharasa, najua, na hapa ndipo wengi wanakwama. Fungua sehemu tano tofauti, kila sehemu soma kurasa mbili, alafu jiulize swali moja: *wahusika wameshika nini mikononi, na kimefikaje kwao?* Taa, barua, dawa, kitambaa, tiketi. Hisia zao ziache kwanza, hisia zitakurudisha kwenye mada. Diwani ya mashairi ni hivyohivyo, angalia vitu vilivyotajwa kwenye mifano na mafumbo, kwa sababu mshairi anapolinganisha mpenzi wake na nanga ya meli basi meli imeingia kwenye kitabu hata kama shairi ni la mapenzi.

Onyo: kitabu kikinoga usiendelee kukisoma. Weka stika, utakirudia. Dakika 25 zikiisha zimeisha, la sivyo kitabu kimoja kitakula siku nzima na vingine vinne vitabaki vimeangaliana tu.

Ukifanikiwa: kila kitabu kina stika tano mpaka nane, na ukiulizwa kimetaja vitu gani unaweza kutaja kumi haraka haraka hata kama hujui kinahitimisha nini.

## Hatua ya 3: Andika kadi

Hapa ndipo kwenyewe, usipafanye haraka.

Kila kitabu kinatoa kadi 12. Kila kadi ina kitu kimoja, na pembeni jina la kitabu na namba ya ukurasa. Bila namba ya ukurasa hiyo sio kadi, itupe, nitaeleza kwanini kwenye hatua ya 6.

Kitu gani kinaruhusiwa kwenye kadi? Unachoweza kukigusa, kukihesabu, kukiweka kwenye ramani au kukifanya:

- Mali ghafi (chuma, pamba, chumvi, makaa)
- Chombo au mashine
- Mwaka au kipimo
- Ugonjwa au dawa
- Kazi ya mtu (mlinzi wa mnara wa taa, mpiga chapa, mkunga)
- Safari, kutoka wapi kwenda wapi
- Neno lisilo la kawaida
- Tendo au mchakato (kupoza, kusuka, kuchuja, kuchelewesha)

Na haya hapa ni maneno ya marufuku: mapenzi, maisha, jamii, mabadiliko, nguvu, utu, mafanikio, safari ya maisha, matumaini. Ukijikuta unaandika mojawapo simama, jiulize *limeonekana kwa njia ya kitu gani?* ndio uandike hicho kitu.

Mfano. Umepekua riwaya, umeona watu wawili wameachana. Kadi mbaya: "usaliti". Kadi nzuri: "barua imechelewa siku tisa, imefika mwenyewe kashaondoka". Ile ya kwanza inaungana na kila kitabu, kwahiyo haiungani na chochote. Ya pili ina kuchelewa, ina usafirishaji, ina karatasi, ina siku tisa, ina mtu aliyefanya uamuzi bila taarifa ambayo tayari ilikuwa njiani. Hiyo kadi moja ina ndoano tano, unaona?

Onyo: kadi zote 12 zisiwe za aina moja. Kitabu cha historia kitakuvuta uandike miaka mitupu. Hakikisha kila kitabu kimetoa angalau aina tano kati ya zile nane.

Ukifanikiwa: una kadi 60, na ukizichanganya ukaokota moja bila kuangalia jina la kitabu, mara kadhaa unashindwa kukumbuka imetoka wapi. Hiyo ni dalili nzuri sana, maana yake kitu kimeshajitenga na mada ya kitabu chake, kiko huru kwenda kwingine.

Acha hapa. Kalale.

## Hatua ya 4: Tafuta daraja

Vitabu vitano vinatoa jozi 10. Chukua jozi moja moja, panga kadi 12 za kitabu cha kwanza kushoto na 12 za cha pili kulia, katikati acha nafasi.

Kosa kubwa hapa ni kutafuta kadi mbili zinazofanana. Zikifanana sawa, ila mara nyingi hazifanani, na mtu anakata tamaa. Unachotafuta ni kitu cha tatu cha kukaa katikati, kinachogusa kadi ya kushoto na ya kulia kwa pamoja. Hicho ndicho daraja.

Hii sio mbinu niliyoitunga mimi. Mwaka 1986 Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago alisoma makundi mawili ya makala za kitabibu ambayo hayakuwa yanatajana. Kundi moja lilikuwa la ugonjwa wa Raynaud, ule ambao mishipa ya damu ya vidole inajibana mtu akipata baridi. Lingine lilikuwa la mafuta ya samaki. Katikati akaona mambo yaleyale yanajirudia, uzito wa damu na chembe za damu kushikamana: upande mmoja unasema wagonjwa wana shida hiyo, upande wa pili unasema mafuta yanaipunguza. Akapendekeza kwamba mafuta yanaweza kuwasaidia hao wagonjwa, na wazo hilo likaja kupimwa baadaye kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 1988 akafanya tena hivyohivyo kwa magnesiamu na kipandauso. Taarifa zote zilikuwa zimeshachapishwa, kilichokosekana ni mtu wa kuziweka meza moja.

Sasa mifano miwili ya nyumbani, nifuate taratibu.

Kitabu cha afya na kitabu cha vitambaa na ushonaji. Kushoto kuna kadi "kwinini, dawa ya malaria, gome la mti". Kulia kuna kadi "zambarau, rangi ya kiwandani". Ukiziangalia hivi hakuna kitu. Ila uliza swali la kadi ya kulia: rangi za kiwandani zilianzaje? Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa London anajaribu kutengeneza kwinini maabara kwa kutumia vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe. Akashindwa, akapata uchafu ambao ukiyeyushwa unatoa zambarau inayoshika kwenye kitambaa. Kwahiyo daraja ni *jaribio la dawa lililofeli*. Na haliishii hapo, maana rangi za maabara zilizofuata zikaanza kutumika kutia rangi seli ili zionekane kwenye hadubini, na mwaka 1891 Paul Ehrlich akawapa wagonjwa wa malaria mojawapo ya hizo rangi, methilini ya buluu, kama dawa. Malaria ikazaa rangi, rangi ikarudi kwenye malaria. Kiungo kikifanya duara namna hii kishikilie, ni nadra.

Kitabu cha ufumaji na kitabu cha kompyuta. Kushoto "ua lililofumwa ndani ya kitambaa", kulia "programu". Daraja ni kadi zenye matundu. Mashine ya Jacquard ya mwanzoni mwa miaka ya 1800 ilitumia mnyororo wa kadi zilizotobolewa kuamua uzi gani unyanyuke na upi ubaki. Charles Babbage akachukua wazo hilo kwa mashine yake ya mahesabu, Ada Lovelace mwaka 1843 akaandika maelezo akilinganisha waziwazi hiyo mashine na ile ya kufuma maua, na sensa ya Marekani ya 1890 ikahesabiwa kwa mashine za Herman Hollerith, nazo za kadi za matundu. Tundu lipo au halipo, uzi juu au chini.

Maswali ya kuuliza kila kadi, yaandike kwa penseli yakae mbele yako:

- Hiki kitu kilitoka wapi kabla hakijafika kwenye hiki kitabu?
- Nani alikuwa anakishika kila siku, na jioni alikuwa anafanya nini kingine?
- Kina kazi gani nyingine tofauti kabisa na hii?
- Kisingekuwepo, nini kingesimama?
- Neno lenyewe lilikuwa na maana gani kabla?

Hilo la tatu linazaa sana. Mfano kadi ya "mbolea ya chumvichumvi" kwenye kitabu cha kilimo: Fritz Haber alipata njia ya kutengeneza amonia kutoka kwenye naitrojeni ya hewa mwaka 1909, mwaka 1913 kiwanda kikaanza, na amonia hiyohiyo inayotengeneza mbolea ndiyo ilitengenezewa milipuko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu cha kilimo na kitabu cha vita vimekutana kwenye pipa moja.

Na hilo la mwisho ndio kazi ya kamusi. Chukua neno *sifuri* la kitabu cha hesabu. Limetoka kwenye Kiarabu *sifr*, tupu. Neno hilohilo likapita kwenye lugha za Ulaya likawa *zero*, na likawa pia *cipher*, yaani maandishi ya siri. Kwahiyo kitabu cha hesabu cha darasani na riwaya ya kijasusi, chimbuko la neno lao ni moja. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna utajiri hapa ambao hatuutumii, lugha yetu imebeba maneno ya Kiarabu, Kiajemi, Kireno, Kihindi, Kijerumani, Kiingereza juu ya shina la Kibantu. *Meza* unayopangia hizo kadi ni Kireno, *kitabu* ni Kiarabu, *shule* ni Kijerumani. Kila neno la namna hiyo ni safari iliyokwisha kufanyika.

Onyo: usifungue intaneti katika hatua hii. Ukiandika majina ya vitu viwili kwenye mtandao utaletewa kiungo cha mtu mwingine na akili yako itaacha kutafuta. Penye shaka andika kwa penseli "kagua" uendelee.

Ukifanikiwa: kati ya jozi 10 umepata madaraja kwenye nne au tano. Usitegemee zote 10, na ukipata zote rudi uangalie, inawezekana umelegeza masharti.

## Hatua ya 5: Jaribu umbo badala ya kitu

Jozi zilizogoma zipe nafasi ya pili. Acha vitu, angalia *jinsi mambo yanavyofanya kazi*. Chora kwa mishale bila majina: hiki kinasababisha hiki, kile kinazuia hiki.

Mfano, kitabu cha baiolojia na kijitabu cha maelekezo ya friji. Kongosho linahisi sukari imepanda kwenye damu, linatoa insulini, sukari inashuka, insulini inapungua. Friji: kifaa kinahisi joto limepanda, mota inawaka, joto linashuka, mota inazima. Futa majina na michoro ni ileile, pima, chukua hatua, pima tena, acha. Sasa irudie ile barua iliyochelewa siku tisa: pale kipimo kilifika wakati hatua imeshachukuliwa, na mtambo wowote ambao kipimo chake kinachelewa unayumba. Riwaya imeingia kwenye mchoro wa friji, na hapo nilipofika mara ya kwanza nilibaki nimekaa sakafuni naangalia karatasi kwa muda mrefu.

Njia nyingine ni kubadilisha kipimo kimoja kuwa kingine. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa, kwahiyo tofauti ya muda *ni* umbali wa mashariki na magharibi. Ndio maana mabaharia walishindwa kujua longitudo yao mpaka ilipopatikana saa isiyopoteza majira melini, ile ya John Harrison iliyojaribiwa kwenye safari ya 1761 kwenda Jamaica. Atlasi na kitabu cha ufundi wa saa ni kitabu kimoja kilichokatwa vipande viwili.

## Hatua ya 6: Kagua bila huruma

Watu wanaofika hapa wana furaha, na ndipo wanaharibu. Akili ikishazoea kuunganisha inaunganisha hata visivyoungana. Kila kiungo kipite mitihani mitatu.

Mtihani wa ukurasa. Unaweza kufungua kitabu cha kushoto na cha kulia ukaonyesha kwa kidole mstari wenyewe? Ndio maana ya zile namba. Daraja la katikati linaruhusiwa kutoka nje ya vitabu, ila ncha zake mbili lazima ziwe ndani.

Mtihani wa kubadilisha. Andika kiungo chako kwa sentensi moja, alafu toa kitabu kimoja uweke kingine chochote cha rafuni. Sentensi bado inasimama? Basi kiungo ni kilegevu, kitupe. "Vyote vinaonyesha umuhimu wa mawasiliano" inasimama kwa kitabu chochote. "Vyote vinategemea taarifa iliyofika baada ya uamuzi" haisimami kirahisi.

Mtihani wa ushahidi. Sasa ndio fungua intaneti. Uliza: je, hiki kilisababisha kile, au vilikuwa karibu tu?

Nikupe mfano mmoja wenye pande zote mbili. Aprili 1815 volkano ya Tambora, Indonesia, ililipuka, na mwaka 1816 sehemu kubwa za Ulaya na Amerika Kaskazini hazikupata kiangazi cha kawaida, mazao yakafa kwa baridi na mvua. Kiangazi hichohicho Mary Shelley alikuwa Uswisi, mvua imewafungia ndani na wenzake, wakashindana kutunga hadithi za kutisha, na hapo ndipo alianza *Frankenstein*. Kitabu cha jiografia na riwaya ya kutisha: kiungo kipo na ni imara, mwenyewe alieleza habari za ile mvua. Sasa mwaka uliofuata, 1817, Mjerumani Karl Drais akatoa chombo cha magurudumu mawili, babu wa baiskeli, na wapo wanaosema alikitengeneza kwa sababu farasi walikufa kwa kukosa malisho baada ya ile baridi. Kinanoga sana, kitabu cha baiskeli nacho kinaingia. Ila hicho kinabishaniwa, miaka inafuatana lakini ushahidi kwamba hiyo ndio ilikuwa sababu yake ni hafifu. Kwahiyo kwenye kadi ya kwanza unaandika "imethibitika", ya pili unaandika "inadaiwa". Usizichanganye.

Hadithi nyingine ya kuiangalia kwa makini ni ile ya askari wa Roma kulipwa chumvi. Neno la Kilatini la malipo, *salarium*, kweli lina uhusiano na neno la chumvi. Lakini kwamba askari walikuwa wanapewa chumvi kama mshahara, hakuna andiko la zamani linalosema hivyo waziwazi. Neno limeungana, tukio halijathibitika.

Onyo: kiungo kitamu kupita kiasi kikague mara mbili. Kama kinasimuliwa kila mahali kwa maneno yaleyale, uwezekano ni mkubwa kwamba watu wananakili wenyewe kwa wenyewe.

Ukifanikiwa: ulikuwa na viungo vitano, umebaki na viwili au vitatu. Hii ni hesabu nzuri, tena nzuri sana, na hivyo viwili hakuna mtu atakayeviangusha.

## Hatua ya 7: Kirudishe kwenye rafu

Andika kiungo kwenye vipande viwili vya karatasi, kila kimoja sentensi tatu: kitabu hiki kinasema nini na ukurasa gani, kile kinasema nini na ukurasa gani, daraja ni nini. Weka kimoja ndani ya kila kitabu, palepale kwenye ukurasa husika. Tarehe juu.

Kwanini usihifadhi kwenye simu? Unaweza, ila siku utakayofungua kitabu hicho kwa shida nyingine kabisa, karatasi itakudondokea yenyewe.

## Ukikwama

"Vitabu vyangu vyote ni vya fani moja." Tumia umri badala ya aina. Chukua cha zamani kuliko vyote na kipya kuliko vyote, andika kadi za *kilichoacha kutajwa*. Chombo kilichokuwa kila ukurasa kwenye cha zamani na hakipo kabisa kwenye kipya kilienda wapi, na nani alipoteza kazi?

"Nina vitabu sita tu nyumbani." Vinatosha kabisa. Vitabu sita ni jozi 15. Ongeza kijitabu cha maelekezo ya kifaa chochote ulichonacho, zimekuwa 21.

"Nafanya na watoto." Punguza kadi ziwe tano kwa kitabu, ruhusu wachore badala ya kuandika, ruka mtihani wa kubadilisha lakini ule wa ukurasa usiuruke. Watoto wanaupenda kuliko watu wazima, kule kunyoosha kidole na kusema *hapa pameandikwa*.

"Nimepata kiungo ila sielewi kina faida gani." Kiache kwenye karatasi yake wiki mbili. Kikiwa kizima utakuta kimekuzalishia swali, na swali hilo ndilo linachagua kitabu utakachosoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sio bahati nasibu tena.

Raundi ya pili bakiza mezani kitabu kimoja kutoka raundi hii, kile kilichotoa kadi ngumu kuliko zote, na uongeze vinne vipya kwa namba. Kadi zake za zamani usizitupe, zichanganye na mpya.